Harufu ya kuungua kwenye gari baada ya safari: jinsi ya kutafuta chanzo na kukirekebisha

Umefika, umezima injini, umefungua mlango, na kuna harufu ya kitu kinachoungua. Mara nyingi chanzo ni kimojawapo kati ya hivi vinne: oili inayodondokea ekzosi, breki iliyoshika, klachi inayoteleza, au waya unaoyeyuka. Vitatu vya kwanza kwa kawaida vinakupa muda wa kutafuta. Cha nne hakikupi.

Kosa linalomaliza pesa za wengi ni kumpelekea fundi harufu badala ya kumpelekea mahali inapotoka. Ukifika gereji na kusema tu "gari linanuka kuungua", utabadilishiwa oili, plagi na pengine pedi za breki, na harufu itabaki palepale. Dakika kumi baada ya kusimama, vyuma vikiwa bado vya moto, ndizo zenye majibu. Gari likilala likapoa, kesho yake fundi ananusa injini baridi na kuanza kubahatisha. Kwa hiyo uchunguzi unaufanya wewe, papo hapo, na unahitaji pua, tochi na kitambaa cheupe tu.

Kabla ya kugusa chochote

Kama unaona moshi unatoka kwenye boneti, simama pembeni, zima injini, toeni watu wote na mkae mbali na barabara. Usiinue boneti. Ukiifungua yote unauletea moto hewa, na mwali unakurukia usoni. Vuta kishikizo cha ndani boneti iachie kidogo tu, kisha pulizia mtungi wa kuzimia moto kupitia upenyo huo au kupitia chini ya gari. Mtungi mdogo wa unga wa kilo 1 unaisha kwa sekunde chache, hivyo elekeza kwenye shina la moto, si kwenye moshi. Ukishindwa, ondoka na upige simu zimamoto: Tanzania ni 114, Kenya ni 999 au 112.

Kama harufu ni ya petroli mbichi, usiwashe gari tena hata kwa kulisogeza mita mbili. Petroli inayovuja karibu na manifoldi ya moto (mabomba ya ekzosi yanayoanzia kwenye injini) haisubiri fundi afike.

Kama ni harufu ya plastiki au waya, na hakuna moshi, fungua waya hasi wa betri (ule wenye alama ya kutoa) kwa spana namba 10 na uuweke mbali na kichwa cha betri. Anza na hasi daima. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, unapata cheche kubwa juu ya betri.

Kunusa kwa mpangilio

Injini imezimwa, hendibreki haijavutwa, gari liko kwenye P au gia ya kwanza, na tairi limewekewa jiwe.

Anza na matairi. Zunguka gari, inama kwenye kila rimu, nusa, halafu sogeza mgongo wa mkono karibu na rimu bila kuigusa. Matairi mawili ya mbele yawe na joto linalolingana, na mawili ya nyuma vivyo hivyo. La mbele kuwa na joto kuliko la nyuma ni kawaida, kwa sababu breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. La kushoto kuwa moto kuliko la kulia si kawaida.

Kama mbele hakuna dalili ya moto, fungua boneti. Nusa upande ilipo manifoldi ya ekzosi, kisha upande wa mkanda wa altaneta, kisha kisanduku cha fyuzi. Chini ya gari mulika bomba la ekzosi kuanzia kwenye injini hadi nyuma: tafuta kitu kilichoganda juu yake, alama nyeusi za mafuta, au grisi iliyorushwa. Mwisho, kama hukufungua waya wa betri, ingia ndani, weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini, washa feni ya AC na unuse matundu ya hewa.

Aina ya harufu inakupunguzia kazi. Oili ya injini inanuka nzito, kama mafuta ya kupikia yaliyosahauliwa jikoni, na huzidi ukisimama kwenye foleni kwa sababu upepo wa mwendo hauiondoi tena. Breki inanuka chungu, kali puani, na inatoka kwenye tairi, si kwenye boneti. Klachi inanuka karibu sawa na breki ila inatoka katikati ya gari, na inakuja baada ya mlima, foleni au kurudi nyuma kwa shida. Mpira ni mkanda, tairi linalosugua, au hozi iliyolalia ekzosi. Harufu tamu ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Mayai viza ni betri inayochajiwa kupita kiasi, au masega ya ekzosi (kisafisha moshi) kwenye injini inayochoma petroli vibaya.

Na uandike mambo matatu: harufu ilianza ukiwa unafanya nini (kushuka, kupanda, kusimama, kuwasha AC, kuwasha taa), kuna taa gani kwenye dashibodi, na kuna kazi gani imefanyika kwenye gari wiki mbili zilizopita. Swali la mwisho watu hulidharau. Fundi aliyemwaga oili wakati wa sevisi, kijana wa kuosha magari aliyepulizia injini dizeli au mafuta ya taa ing'ae, pedi mpya, ekzosi mpya: yote hunuka kwa safari chache kisha yanaisha yenyewe. Kama harufu inapungua kila siku, iache. Kama inabaki au inaongezeka, endelea kusoma.

Oili inayodondokea ekzosi

Kwa magari ya petroli yenye miaka zaidi ya kumi, ambayo ndiyo mengi barabarani kwetu, hiki ndicho chanzo cha kwanza cha kushuku. Kinachovuja sana ni gasketi ya tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini. Raba ya gasketi inakaa kwenye joto miaka mingi, inakauka, inakuwa ngumu, inaacha kujaza nafasi. Oili inachuruzika polepole ubavuni na kutua kwenye manifoldi. Haihitaji kuwa nyingi. Matone machache yanatosha kujaza harufu ndani ya gari kupitia matundu ya hewa, huku kipimo cha oili kikionyesha kama hakijapungua.

Kuthibitisha: injini ikiwa imepoa, fuata bomba la ekzosi kutoka chini hadi linapoingia kwenye injini. Ule ndio upande wa manifoldi. Pitisha kitambaa cheupe chini ya ukingo wa tapeti kava upande huo. Kikitoka na oili, umekaribia. Kama injini nzima imechafuka na huoni mwanzo, isafishe, ikaushe, pulizia poda ya mtoto kwenye maeneo unayoyashuku, endesha kilomita 10 hadi 15, kisha tazama oili imechora njia wapi. Kanuni ni kutafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Oili inashuka na kurudishwa nyuma na upepo, kwa hiyo tone la chini linakudanganya.

Sehemu nyingine za kukagua kabla ya kununua gasketi: mfuniko wa kujazia oili (raba yake hukauka pia), filta ya oili, na nati ya kumwagia oili. Kwenye filta kuna kosa la kawaida: raba ya filta ya zamani inabaki imegandia kwenye injini, mpya inafungwa juu yake, na raba mbili haziwezi kuziba. Hiyo haivuji matone, inamwaga. Zima injini mara moja ukiliona hilo.

Kubadilisha gasketi ya tapeti kava, kwa mfano kwenye injini ya 1NZ-FE iliyo kwenye IST, Probox na Fielder nyingi:

1. Subiri injini ipoe kabisa. Toa kava la plastiki la juu, chomoa soketi za koili nne kwa kubonyeza kishikizo, fungua bolti zake (namba 10) na uzitoe koili kwa kuzizungusha kidogo, usizivute kwa nguvu. Zipange kwa mpangilio wake.

2. Tazama mashimo ya plagi. Ukikuta oili ndani, raba za mashimo hayo nazo zimekufa. Nyonya oili yote kwa kitambaa kabla ya kufungua plagi yoyote, vinginevyo itaingia kwenye silinda.

3. Toa hozi za hewa za tapeti kava pamoja na vavu ya PCV. Itikise. Ikicheza na kutoa sauti ndani, nzima. Ikiwa kimya, imeziba, ibadilishe. Usiruke hatua hii. Vavu ikiziba, hewa yenye presha inajikusanya ndani ya injini na kutafuta pa kutokea, na gasketi mpya itaanza kuvuja tena. Watu humlaumu fundi au duka la vipuri, kumbe ni kavavu kadogo ambako hakuna aliyekagua.

4. Fungua bolti na nati za kava kidogo kidogo ukianza nje kwenda katikati. Kava likigoma, ligonge kwa nyundo ya raba pembeni. Bisibisi ikichokonolewa kati ya alumini mbili inaacha mkwaruzo, na mkwaruzo huo utavuja milele.

5. Safisha mfereji wa gasketi na uso wa injini kwa kitambaa chenye kisafisha breki. Usiangushe chochote ndani.

6. Weka gasketi mpya kavu kwenye mfereji wake. Silikoni inatakiwa sehemu mbili tu: pale kava la mnyororo wa taimingi linapokutana na kichwa cha injini, kila upande tone dogo. Kuzungushia silikoni gasketi nzima ni kuharibu kazi, kwa sababu vipande vyake hukatika ndani na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

7. Funga kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili au mitatu, hadi Nm 10. Huo ni ukazo mdogo sana: racheti ndogo, vidole, bila kutumia bega. Ukikaza zaidi gasketi inabanwa na kutoka kwenye nafasi yake, au nyuzi za alumini zinang'oka.

8. Subiri silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu yake, kisha washa na ukague kwa tochi.

Oili iliyokwisha kumwagikia manifoldi bado itaendelea kuungua. Isafishe injini ikiwa baridi. Kumwagia maji manifoldi ya moto kunaweza kuipasua. Hata ukisafisha vizuri, tegemea harufu hafifu kwa safari mbili tatu.

Breki iliyoshika

Dalili zake ni tairi moja lenye joto kuliko mwenzake, gari kuvuta upande mmoja, rimu moja kujaa vumbi jeusi, na gari kutoserereka vizuri ukiachia mafuta kwenye tambarare. Lakini kagua kwanza hendibreki. Kutembea kilomita tano na hendibreki iliyovutwa nusu kunatosha kuunguza breki za nyuma, na kebo yake ikiwa na kutu haiachii hata ukiishusha.

Jaribio la barabarani: endesha kilomita 10 ukitumia breki kwa uchache, kisha mwishoni liache gari lipungue mwendo lenyewe. Nyunyiza tone moja moja la maji kwenye kila rimu karibu na nati. Pale linapochemka ndipo pa kufungua. Usimwagie maji diski yenyewe, itapinda. Mwenye kipimajoto cha leza apime diski moja kwa moja na kulinganisha kushoto na kulia.

Sasa inua tairi hilo kwa jeki, weka stendi, usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Zungusha tairi kwa mkono. Sauti laini ya kusugua si tatizo. Tairi lisilozunguka, au linaloganda mara unapoacha kulisukuma, limeshikwa. Hapa ndipo mafundi wengi wanaruka kununua kalipa nzima (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), wakati jaribio dogo linasema nani ana kosa:

Chomeka mpira mwembamba kwenye nipeli ya kutolea upepo, upande wa pili uingize kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo, kisha legeza nipeli. Mafuta yakiruka na tairi likaachia, maana yake presha ilikuwa imenaswa. Funga nipeli, kanyaga breki hadi tairi lishike tena, kisha legeza bomba la chuma pale linapoingia kwenye hozi ya raba. Tairi likiachia hapo, kosa liko juu: masta silinda au fimbo ya pedali isiyo na mchezo, na kwa kawaida tairi zaidi ya moja zitakuwa zimeshika. Likikataa kuachia hapo lakini likaachia kwenye nipeli, hozi imevimba ndani: mguu wako unaweza kusukuma mafuta yapite, ila hayarudi. Hozi hiyo kwa nje huonekana nzima kabisa.

Kama nipeli imelegezwa na tairi bado limeshika, tatizo ni la chuma: pini za kalipa zimekauka au pistoni ina kutu. Fungua bolti ya chini ya kalipa, inua, chomoa pini zote mbili. Zikitoka kwa shida, zisafishe kwa brashi, kagua raba zake, na uzipake grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya bearingi inavimbisha raba, na baada ya wiki chache pini inashika kuliko mwanzo. Kama mojawapo ina kiraba kichwani, irudishe kwenye tundu lake lilelile. Pistoni irudishe ndani kwa klampi, mfuniko wa kikopo cha mafuta ya breki ukiwa wazi na kitambaa kimezungushwa, kwa sababu mafuta hayo yanakula rangi. Pistoni isiyorudi inahitaji raba mpya na kusafishwa, na ikiwa imelika kutu, kalipa nyingine. Kalipa usiiache ining'inie kwenye hozi. Ifunge kwa waya kwenye springi.

Pedi zilizoungua zinang'aa kama kioo na hazishiki tena hata zikiwa nene. Badilisha zote za ekseli nzima, kushoto na kulia, na pia zozote zilizobaki chini ya milimita 3. Diski iliyogeuka bluu ipimwe unene; kiwango cha chini kabisa kimechongwa kwenye diski yenyewe. Nati za tairi kwenye Toyota ndogo zikazwe Nm 103.

Breki zote nne zikishika kwa pamoja baada ya mtu "kuongeza mafuta", shuku kwamba kilichoongezwa ni oili ya injini au hydroliki. Mafuta ya madini yanavimbisha kila raba ya mfumo wa breki. Hapo hakuna njia ya mkato: masta silinda, raba za kalipa, silinda za nyuma na hozi vyote vinabadilishwa, na mabomba yanasafishwa.

Kuna pia breki isiyo na ubovu wowote iliyotumiwa vibaya mteremkoni. Kushuka Kitonga, kutoka Lushoto hadi Mombo, au kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu mguu ukiwa juu ya breki muda wote kunapandisha joto hadi pedi zinaanza kutoa moshi. Mafuta ya breki ya DOT 3 mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu yanashuka hadi karibu 140, na yakichemka pedali inakuwa laini na kuzama. Shuka kwa gia ileile ambayo ungeipandia, au kwa otomatiki weka L, 2, S au B kabla ya mteremko kuanza. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, kanyaga tena. Ukisikia harufu, simama mahali salama nusu saa, zuia tairi kwa jiwe, usimwage maji. Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili.

Klachi

Kwa gari la gia za mkono tu. Simama mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta hendibreki, kanyaga breki, weka gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, kisha achia klachi polepole. Injini ikizimika mara moja, klachi bado inashika. Ikiendelea kunguruma huku pedali ikiwa juu kabisa, inateleza. Usirudie jaribio hili mara nyingi, lenyewe linaunguza klachi.

Kabla ya kushusha gia boksi, pima mchezo wa pedali: sukuma kwa kidole hadi pale inapoanza kuwa nzito. Magari mengi yanatakiwa kuwa na kama milimita 5 hadi 15. Kama hakuna mchezo kabisa, klachi inasukumwa muda wote na inajiunguza yenyewe. Kurekebisha nati ya kebo au fimbo ya pedali kunaweza kumaliza tatizo bila kununua kitu.

Ikibidi kubadilisha, nunua pleti, presha pleti na bearingi kwa pamoja. Gia boksi ikiwa chini, kagua sili ya nyuma ya kranki, kwa sababu oili ikigusa pleti mpya itateleza kama ya zamani, na utalipa gharama ya kushusha gia boksi mara mbili.

Umeme

Harufu ya plastiki inayokuja ukiwasha kifaa fulani ni zawadi, maana inakutajia sakiti. Iliyopo muda wote, hata gari likiwa limezimwa, ndiyo ya kuogopwa: betri ikae bila waya hadi upate fundi umeme.

Anza na vitu vilivyoongezwa: redio, king'ora, taa za ziada, kifaa cha kufuatilia gari, chaja. Tazama penye mkanda mweusi wa kuzungushia waya. Kisha fungua kisanduku cha fyuzi na utafute fyuzi au soketi iliyogeuka rangi ya kahawia. Rangi za fyuzi ni 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 25 nyeupe ya kuona ndani, 30 kijani. Ukikuta ya kijani pahali palipoandikwa 15, au karatasi ya sigara na waya badala ya fyuzi, umempata mhalifu. Fyuzi ipo ili ikatike kabla waya haujayeyuka. Ukiweka kubwa, waya unakuwa ndio fyuzi.

Taa za mbele zinastahili kuangaliwa kwa makini. Balbu ya wati 60 kwenye volti 12 inavuta ampia 5, mbili ni 10. Ukibadilisha ukaweka za wati 100 kwa sababu barabara ni giza, mbili zinavuta karibu ampia 17 kupitia waya, swichi na soketi zilizotengenezwa kwa 10. Soketi inalainika, mguso unalegea, joto linaongezeka, na siku moja unanusa plastiki. Rudisha wati za kiwandani na ung'arishe vioo vya taa vilivyofifia. Anayetaka taa kali kweli afunge rile (swichi inayoendeshwa na umeme), waya wa milimita mraba 2.5 kutoka kwenye betri, na fyuzi ya ampia 20 karibu kabisa na betri.

Kama harufu inatoka kwenye matundu ya AC na feni inafanya kazi kwenye spidi ya mwisho pekee, rezista yake imeungua. Kabla ya kuweka mpya, toa feni na usafishe majani na vumbi. Feni nzito ndiyo iliyoiunguza ya kwanza. Betri ikinuka mayai viza, pima volti injini ikiwa inafanya kazi: kati ya 13.5 na 14.7 ni sawa, zaidi ya 15 ni regyuleta ya altaneta. Usiwashe kiberiti wala kuvuta sigara karibu nayo.

Vingine vya kukagua haraka

Mfuko au sandarusi iliyogandia ekzosi ni jambo la kawaida hata baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku, Kenya 2017 na Tanzania 2019, maana viroba bado viko barabarani. Subiri bomba lipoe, kwangua kwa kipande cha mbao. Nyasi kavu zilizonaswa chini ni hatari zaidi kuliko mfuko: masega yanafikia mamia ya nyuzi joto, na gari lililopita porini linaweza kushika moto likiwa limeegeshwa.

Raba ya CV (inayofunika kiungo cha ekseli ya tairi) ikipasuka, grisi inarushwa kwa mzunguko na kuungua kwenye ekzosi. Utaiona imechora mstari ndani ya rimu na chini ya gari. Ikiwahiwa, unabadilisha raba na grisi tu.

Mkanda wa altaneta unaonuka mpira na kulia ukiwasha AC: ukague kama umeng'aa au una nyufa. Halafu utoe, zungusha kila puli kwa mkono. Puli inayokwaruza au kugoma itaunguza na mkanda mpya.

Otomatiki inayochelewa kushika gia na yenye hydroliki ya kahawia iliyoungua ihudumiwe mapema, na kwa aina sahihi: T-IV, WS na mafuta ya CVT havibadilishani. Aina imeandikwa kwenye kijitabu cha gari au kwenye stiki ya gia boksi.

Panya. Gari likikaa wiki chache, fungua boneti kabla ya kuwasha. Kiota cha majani na matambara juu ya manifoldi kinawaka, na waya zilizotafunwa zinaleta tatizo la pili.

Magari ya dizeli ya miaka ya karibuni yenye chujio la masizi hujisafisha yenyewe kwa kuchoma masizi hayo. Feni inaendelea kupiga baada ya kuzima, na kuna harufu kali ya joto. Hiyo si hitilafu, ila ukiwa mtu wa safari fupi kila siku, endesha barabara kuu dakika 20 hadi 30 mara kwa mara ili kazi hiyo iishe.

Baada ya kutengeneza

Usikubali gari kwa kulisikia likinguruma gereji tu. Endesha kilomita 15 kwa hali ileile iliyoleta harufu: kama ilikuja mlimani, panda mlima, kama ilikuja na AC, washa AC. Simama, fanya mzunguko uleule wa matairi, boneti, chini na ndani. Gasketi ikague tena kwa kitambaa cheupe baada ya siku tatu, tairi lililokuwa limeshika likague joto lake kila ukisimama kwa wiki nzima, na kiwango cha mafuta ya breki kitazame asubuhi gari likiwa baridi. Kikishuka hata kidogo, rudi kwenye nipeli na maungio uliyoyafungua kabla ya safari nyingine.